Mbuzi wa Mpinzani

Benchi letu limeegemea ukuta wa chumba cha fotokopi, upande ambao jua la asubuhi halifiki, na mguu wake mmoja umewekewa tofali kwa sababu fundi aliyelitengeneza alikuwa kama sisi, hakumaliza. Hapo ndipo tunapokaa watengeneza magemu ya simu. Neno "watengeneza" lipokee kwa upole. Katika sisi wote hakuna aliyewahi kutoa gemu ikachezwa na mtu asiye ndugu yake. Lakini ukitaka kujua gemu ya mwenzako ina kasoro gani, njoo, tutakueleza mpaka kahawa iishe. Mimi wananiita Bado Kidogo, maana ndilo jibu langu kila nikiulizwa gemu yangu imefikia wapi. Kushoto kwangu hukaa Takwimu, mwenye chumba cha fotokopi, ambaye anajua gemu ya kila mtu imepakuliwa mara ngapi, isipokuwa ya kwake, kwa kuwa haipo. Kulia hukaa Mwanzo Mpya, kijana mwenye kipaji cha kweli cha kuanza. Mbele yetu husimama muuza kahawa, tunamwita Birika. Yeye hatengenezi gemu, ila kwa jinsi alivyotusikiliza angeweza kuifelisha moja vizuri tu.

Kijiwe chetu kina siku yake kuu, nayo inaitwa Kupasua. Kuna jamaa mmoja wa mtandaoni tunayemwita Mpinzani. Hatujawahi kumwona, na yeye hajui kwamba ni mpinzani wetu. Cheo hicho tulimpa wenyewe kikaoni. Kila wiki anatoa toleo la majaribio la gemu yake, na siku akitoa, hakuna anayefanya kazi. Tunalipakua, tunalicheza, tunalifungua tumbo kama madaktari, kisha kila mtu anarudi nyumbani na kipande cha kwenda kushonea kwenye gemu yake. Tunasema tunajifunza soko. Siku hiyo ninayoisimulia ilikuwa siku ya Kupasua, na ilikuwa pia siku ya mwisho ya kupeleka gemu kwenye maonyesho. Mwisho ni jioni. Mtu mwenye akili timamu angekuwa ndani na mlango umefungwa. Mimi nilikuwa benchini na kikombe cha pili.

Takwimu: Jamani, limetoka. Na mbuzi bado yumo.

Mwanzo Mpya: Bado yumo?

Takwimu: Yumo, na amenenepa.

Mimi: Anafanya nini safari hii?

Takwimu: Kile kile. Anatembea nyuma ya mchezaji. Mchezaji akisimama, naye anasimama. Hali, hanywi, hapigi pembe, hasaidii chochote.

Birika: Kama shemeji yangu.

Takwimu: Birika, haya mambo ni mazito. Tazama manyoya. Kila unywele unapepea kivyake! Kazi ya manyoya haya ni ya miezi. Mtu hapotezi miezi kwa mbuzi asiye na sababu.

Mwanzo Mpya: Wahenga walisema, mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake.

Mimi: Huyu hana kamba.

Mwanzo Mpya: Ndiyo hapo sasa! Kwa nini hana kamba?

Birika akatuongezea kahawa bila kuulizwa. Yeye hutuuzia vikombe vingi zaidi siku za mafumbo.

Takwimu: Mimi nimelifanyia utafiti. Tangu mbuzi aingie, watu wanakaa ndani ya gemu ya Mpinzani muda mrefu zaidi. Nimeangalia chati. Sababu ni huruma. Mtu hawezi kuzima simu mbuzi akimtazama.

Birika: Mimi naweza.

Takwimu: Wewe unachinja.

Birika: Sijawahi kuchinja simu.

Mwanzo Mpya: Takwimu, umekaribia lakini hujafika. Mimi nililala na jambo hili. Mnafikiri ninyi ndio mnamwongoza yule mtu, na mbuzi anafuata. Nani kasema? Mbona nikienda kushoto huwa najisikia kama nimesukumwa? Mbuzi ndiye mchezaji. Sisi tunaswagwa.

Mimi: Lo!

Nilisema "lo" kwa dhati kabisa. Nawaeleza haya ili mjue niko kundi gani. Mtu wa thelathini na kitu, mwenye mke, mwenye shahada iliyotundikwa sebuleni kwa wakwe, nimekaa asubuhi na mapema nikishangaa kuswagwa na mbuzi wa kuchora.

Takwimu: Kama tunaswagwa, tunapelekwa wapi?

Mwanzo Mpya: Dukani! Gemu nzima ni maandalizi ya duka. Au...

Mimi: Au nini?

Mwanzo Mpya: Au mbuzi anasikiliza. Simu ina kipaza sauti. Jiulizeni, kwa nini masikio yake ni makubwa vile?

Takwimu: Masikio ya mbuzi ni makubwa siku zote.

Mwanzo Mpya: Siku zote, au tangu lini?

Takwimu akaitazama simu yake iliyokuwa katikati ya benchi, mbuzi akiwa amesimama kwenye skrini, ametugeuzia uso. Ninyi mngecheka. Sisi tulishusha sauti. Birika akatoa kitambaa chake cha kufutia vikombe, akaifunika simu taratibu, kama mtu anayefunika chakula kisiingie nzi.

Birika: Endeleeni. Sasa hasikii vizuri.

Sasa niwaambie jambo ambalo benchi zima lilikuwa halijui. Mbuzi alikuwa kwenye gemu yangu pia. Nilimwona kwa Mpinzani, nikakosa usingizi, nikamtengeneza wa kwangu kimyakimya, nikampa manyoya marefu kuliko ya yule. Na hakuwa wa kwanza kuingia kwa mlango wa nyuma. Gemu yetu tuliianza mimi na mdogo wangu wa kike, naye ndiye mchoraji, hapa kijiweni wanamwita Rangi. Ilikuwa gemu ya chumba kimoja: chumba cha kushonea cha mama yetu. Wateja wanaingia na nguo zilizochanika, wewe unakaa kwenye cherehani, na kadiri unavyoshona ndivyo mteja anavyosimulia iliyomkuta. Ukiharakisha, nguo inakwisha kabla ya hadithi, mteja anachukua furushi lake anaondoka na siri yake. Hiyo tu. Ndivyo mama alivyotulea, kwa cherehani ile na kwa subira ile, na sisi tulikua chini ya meza yake tukiokota vifungo na habari za watu.

Kisha Mpinzani akaweka uvuvi. Mimi nikasema, mteja wetu mmoja suruali yake ilichanika akivua samaki, basi si vibaya twende naye majini. Mpinzani akaweka mvua, nasi paa likavuja. Mpinzani akaweka karata za kupigana, nasi wateja wakaanza kupigana kwa karata wakingoja nguo zao. Rangi alichora kila kitu, kila mara akiniuliza "kaka, una hakika?", na kila mara mimi nikimjibu kwamba soko ndilo linataka. Alipokuja mbuzi sikumwambia. Manyoya yalikuwa mazito, simu ikawa inachemka na kuganda, ikabidi kitu kitoke ili mbuzi apite. Nikatazama kilichokuwa kinachukua nafasi kubwa kuliko vyote. Kilikuwa chumba cha mama. Nikakitoa wiki iliyopita, nikajiambia ni kwa muda.

Nilikuwa ndiyo kwanza nanyoosha mkono kuchukua kikombe, Rangi akatokea kwenye kona na begi lake mgongoni.

Rangi: Habari za hapa? Kaka, umetuma?

Mimi: Bado kidogo.

Rangi: Mimi si mteja wa kijiwe. Nijibu kama ndugu yako. Umetuma au hukutuma?

Mimi: Kuna manyoya hayajakaa vizuri.

Rangi: Manyoya? Mama yetu alianza lini kushona manyoya?

Mimi: Ya mbuzi.

Takwimu na Mwanzo Mpya wakageuka wote wawili kunitazama. Katika macho yao niliona kwanza usaliti, halafu wivu.

Takwimu: Una mbuzi! Una mbuzi, na umekaa hapa unauliza "anafanya nini" kama usiyejua!

Mwanzo Mpya: Kikulacho ki nguoni mwako.

Rangi: Ngojeni. Kaka, umeweka mbuzi kwenye gemu ya mama?

Mimi: Mdogo tu.

Rangi: Wa nini?

Mimi: Hilo ndilo tulikuwa tunalijadili.

Rangi hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya, maana nimezoea. Alikaa kwenye ukingo wa benchi, upande wa tofali, akaliweka begi magotini akaanza kusema polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Rangi: Mama yuko kliniki ya macho sasa hivi. Nimemwacha na jirani, kwa sababu nilitaka kuhakikisha umetuma. Unajua daktari alivyosema mara ya kwanza. Macho yake yanaanza kufa pembeni, yanakuja katikati. Sasa hivi anaona kama anayechungulia kwenye bomba. Kilichokwenda hakirudi, wanachoweza ni kukitunza kilichobaki. Wale wa maonyesho wakituchagua, gemu inawekwa ukumbini kwenye skrini kubwa kuliko mlango. Nataka mama aione meza yake ukutani angali anaona. Sitaki tuzo, sitaki soko. Nataka hilo. Na ikipita leo, mpaka wafungue tena, sijui atakuwa anaona nini.

Hapo mtu wa kawaida anasimama, anakwenda kufanya kazi. Mimi roho iliniuma, naapa iliniuma hasa, na bado masikio yangu yalikuwa yamemwelekea Takwimu, ambaye alikuwa amekwisha fungua mdomo.

Takwimu: Dada Rangi, tunakuelewa sana. Sana. Lakini nikuambie kitaalamu. Kutoa gemu isiyo na mbuzi msimu wa mbuzi ni kujizika.

Rangi: Msimu wa mbuzi.

Takwimu: Chati zinaonyesha.

Mwanzo Mpya: Usiache mbachao kwa msala upitao. Ndiyo maana mimi niliacha gemu yangu ya mabasi, nikaanza ya nyuki, na sasa naiacha ya nyuki nianze ya mbuzi.

Rangi: Methali hiyo inakusema wewe.

Mwanzo Mpya: Inanisema kwa uzuri.

Rangi: Ninyi watu, kuongea nanyi ni kumpigia mbuzi gitaa.

Mwanzo Mpya: Mmesikia? Hata yeye amerudi kwenye mbuzi. Hakuna anayeweza kumkwepa. Ndiyo nguvu yake.

Birika: Dada, nikupe kikombe?

Rangi: Nipe. Kikali.

Akanywa kahawa yake akitazama barabara. Mimi nikafungua kompyuta yangu magotini, ili nionekane mtu aliye kazini, nikaanza kumchana mbuzi nywele za shingoni. Sikutuma. Kidole kilikuwa hapo hapo karibu na kitufe, lakini nilitaka kwanza kusikia kama Mpinzani ameandika neno lolote juu ya mbuzi wake. Pengine angesema siri, nami ningeiwahi. Hapo ndipo simu ya Takwimu ikalia chini ya kitambaa.

Takwimu: Ni yeye! Mpinzani ameandika! Kichwa chake kinasema, "Kuhusu mbuzi."

Mwanzo Mpya: Alitusikia.

Mimi: Soma! Soma yote, usiruke.

Takwimu akasimama. Kuna watu husimama wimbo wa taifa ukipigwa, naye husimama akisoma habari za washindani. Akakohoa, akasoma kwa sauti ya mtangazaji:

Takwimu: "Ndugu wachezaji, wengi mmeniuliza maana ya mbuzi. Nimechoka kudanganya. Sijui. Mbuzi huyu nilimwona kwenye picha moja ya zamani mtandaoni, ya gemu fulani ya cherehani ambayo mpaka leo haijatoka. Kwenye picha kuna chumba cha kushonea, na mlangoni amesimama mbuzi. Waliotengeneza hawajawahi kumwelezea. Nikasema, watu wanaofanya kazi kimya muda wote huo lazima wana mpango mkubwa. Nikamweka na mimi, nikiwangoja watoe gemu yao ili nijue anafanya kazi gani. Bado nangoja."

Ndani ya chumba, fotokopi ya mtu ikatoka kwenye mashine, ikadondoka sakafuni. Hakuna aliyekwenda kuiokota.

Birika: Gemu ya cherehani. Si ndiyo ya kwenu?

Mimi: Rangi.

Rangi: Abee.

Mimi: Ile picha ya kwanza kabisa tuliyoweka mtandaoni, ulichora mbuzi?

Rangi: Sijui. Ngoja... Aa. Ndiyo.

Mimi: Kwa nini?

Rangi: Pale mlangoni palibaki patupu. Nilitaka kuchora mteja, mikono ikawa inanisumbua, si unajua mikono ni migumu kuchora. Mbuzi hana mikono.

Takwimu akakaa. Kwa kweli alidondoka, benchi likayumba juu ya tofali lake na kahawa yangu ikamwagika kwenye suruali. Miezi ile yote nilikuwa namwiga mtu kwa mbuzi aliyetoka kwangu, tena nikamfukuza mama ili apate pa kusimama.

Rangi: Kwa hiyo yeye anawangoja ninyi, ninyi mnamngoja yeye, na mbuzi ni wa kuziba nafasi. Haya. Sasa tuma.

Ungedhani hapo ndipo tulipopata akili. Humjui Mwanzo Mpya. Alikuwa amesimama, macho yanang'aa, mkono mmoja juu ya bega langu kama anayenitawaza.

Mwanzo Mpya: Bado Kidogo, unaelewa maana yake? Sisi ndio Mpinzani!

Takwimu: Hapana, ngoja... Ni kweli. Sisi ndio tunaoongoza soko. Tumekuwa tunajiiga wenyewe!

Mwanzo Mpya: Asiye na mwana aeleke jiwe. Sasa sikiliza mkakati. Mpinzani anangoja utoe gemu ajue siri ya mbuzi. Ukitoa, atajua huna siri. Usipotoa, mbuzi anabaki fumbo, na wewe unabaki mkubwa. Kwa hiyo njia ya kushinda ni kutotoa kabisa.

Takwimu: Kitaalamu hiyo inaitwa kujenga hamu.

Mwanzo Mpya: Hata wajukuu zake watakuwa wanangoja!

Na mimi, Mungu anisamehe, nililifikiria. Nililifikiria kwa muda mrefu kiasi cha Rangi kuona usoni mwangu kwamba nalifikiria. Palikuwa na kitu kitamu mno katika wazo la kuwa bingwa bila kumaliza. Nilikuwa hata nimeanza kuuliza kama inafaa tutoe picha nyingine moja, ya mbuzi tu, bila maelezo, niliposikia Birika akisema "shikamoo mama" kwa sauti ya heshima asiyoitumia kwetu.

Mama alikuwa amefika. Alikuja peke yake kutoka kona ya duka la vioo, kiganja kimoja kikipapasa ukuta, uso ameuelekeza mbele moja kwa moja kama anayetembea kwenye ujia mwembamba. Alikuwa amevaa gauni lake la kliniki, lile la kola aliyoishona mwenyewe. Tukasimama wote kwa pamoja.

Sisi sote: Shikamoo mama.

Mama: Marahaba wanangu. Kaeni, kaeni. Mbona mnasimama kama mmekamatwa?

Rangi: Mama, jirani yuko wapi? Umekujaje peke yako?

Mama: Nimemwacha sokoni, njia ya hapa naijua kwa miguu. Daktari amenipima, amenipa matone mengine. Halafu akaniambia, mama, kama kuna kitu unatamani kukitazama, usikiweke kesho. Kijana mzuri yule, hafichifichi. Nikasema basi, nipite kwa wanangu kwanza. Hiyo gemu yenu ya chumba changu nasikia leo ndiyo inakwenda. Nionyesheni kabla haijaenda.

Takwimu aligundua ghafla ile fotokopi iliyoanguka ndani, lakini hakwenda. Rangi, ambaye alikuwa hajui, alitabasamu, akachukua simu yangu kutoka mfukoni mwangu mwenyewe, akaifungua gemu, akampa mama.

Rangi: Tazama mama. Hapo katikati, usihangaike na pembeni.

Mama aliisogeza simu karibu na uso, akaipeleka mbali, akairudisha tena mpaka alipopata mahali pake. Akatazama. Nilimwona anavyobana midomo, kama alivyokuwa akifanya akitunga uzi kwenye sindano.

Mama: Mvua nzuri. Hii mvua umeichora wewe, mwanangu?

Rangi: Ndiyo mama.

Mama: Nzuri. Na huyu anavua samaki. Sawa. Na hawa wanacheza karata. Na huyu ni mbuzi. Ana nywele nzuri kuliko zangu. Na hapa... hapa ni uwanja. Uwanja tena. Mimi niko wapi?

Hapo nilitakiwa kujibu. Nilifuta kahawa kwenye suruali yangu.

Mama: Meza yangu siioni. Cherehani siioni. Basi ngoja, najua. Mtakuwa mmeniweka pembeni. Siku hizi ya pembeni hayaniingii. Hebu nisogezee.

Alininyooshea simu. Nami nikaichukua, nikaisogeza kushoto kidogo. Mama akatazama, akatikisa kichwa. Nikaisogeza kulia. Nilifanya hivyo kweli, mbele ya watu, nikimtafutia mama yangu kitu nilichokitoa kwa mikono yangu.

Mama: Hapana. Macho yamekwisha kabisa basi. Niko hapo na sijioni.

Rangi alikuwa ananitazama. Alikuwa amekwisha elewa. Sijawahi kuona uso wake ukiwa hivyo, na sitaki kuuona tena.

Mimi: Mama, si macho. Hupo.

Mama: Sipo?

Mimi: Nilikutoa. Wiki iliyopita. Simu ilikuwa inaelemewa, ikabidi nipunguze kitu.

Mama: Ukanipunguza mimi.

Mimi: Kwa muda, mama. Chumba chako kipo kwenye kompyuta, sikukifuta. Nilikuwa nitakirudisha.

Mama: Ukamwachia nani nafasi?

Nilimtazama Birika, kama kwamba angeweza kunikopesha jibu jingine. Alikuwa anafuta kikombe ambacho kilikuwa kikavu.

Mimi: Mbuzi.

Mabega ya mama yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikainuka. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, kicheko chake kile cha chumbani, cha wateja wa zamani, na nilitamani sana angelia, maana kicheko kile kilinipiga kuliko kilio.

Mama: Haya. Nimepisha watu wengi katika maisha yangu. Nilimpisha mke mwenza, nikampisha mwenye nyumba, nikawapisha vijana wenye cherehani za umeme. Mbuzi ndiye wa kwanza.

Rangi: Mama, pole.

Mama: Sina neno naye, mbuzi ni mnyama mzuri. Nataka kujua tu, maana mtu akichukua kiti chako unapenda ujue ni nani. Huyo mbuzi ana kazi gani?

Takwimu, mwenye chati zote, aliangalia viatu vyake. Mwanzo Mpya alifungua mdomo, nikaona methali inakuja, ikafika kwenye meno, ikarudi. Rangi hakusaidia, alikuwa amekunja mikono, naye anangoja nijibu. Tangu asubuhi kijiwe kizima hakikuwa na neno lingine ila hilo, na sasa tumeulizwa na mtu aliyetaka kweli kujua, hakuna aliyekuwa na hata nusu ya sentensi. Birika aliinamisha birika lake juu ya kikombe cha Takwimu. Likatoa tone, halafu masimbi ya kahawa.

Birika: Kahawa imekwisha.

Kwa kawaida hiyo ndiyo ishara ya kutawanyika. Hakuna aliyetawanyika. Mama alipapasa benchi kwa kiganja, akapata nafasi kati ya Takwimu na mimi, akakaa, akaweka mkoba wake magotini na dawa zake za matone juu ya mkoba.

Mama: Fikirini tu, wanangu, mimi sina haraka. Macho ndiyo yana haraka.

Nilivuta kompyuta, nikaanza kumtoa mbuzi. Hakuna aliyenipa ushauri.